Damu Yangu Ilipomkataa Kasuku

Daktari aliniuliza kama ninafuga ndege yeyote nyumbani, nami nikajibu upesi, kama mama aliyeulizwa habari za mwanawe. "Ninaye kasuku," nikasema, na nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Aliacha kuandika, akanitazama juu ya miwani yake, akauliza ni kasuku wa aina gani, nimeishi naye kwa muda gani, na analala wapi. Nikaona lile tabasamu nililokuwa nalo halina kazi tena, nikalifunga.

Nilikuwa nimepelekwa kwake kwa sababu ya kikohozi. Kikohozi kikavu, hakitoi kitu, kilianza kama mchezo wakati majani yanapukutika, na baridi ilipokaza kilikuwa kinanisimamisha katikati ya ngazi za watu, nijifanye natafuta funguo mfukoni. Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao huko Castle Vale, mtaa wa Birmingham: kuwaosha, kuwavisha, kuwapa dawa, kuwapikia chai ile yao isiyojua hata tangawizi ikoje. Unaingia nyumba za watu mchana kutwa, kila mlango unajua jina lako, halafu jioni unafungua mlango wako na hakuna wa kukuuliza umechelewa wapi. Sisemi hivi nihurumiwe. Nilikuja Uingereza kwa hiari yangu, Mombasa niliiaga kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini upweke hauulizi nani alimwalika.

Yule kasuku alikuwa wa mzee mmoja miongoni mwa wale niliowahudumia. Ni wale wa kijivu, wenye mkia mwekundu, wa misitu ya Kongo. Mzee miguu ilipomwishia kabisa akahamishiwa kwenye nyumba ya wazee, na huko ndege hawaruhusiwi. Binti yake alisimama nami pale ukumbini, tumezungukwa na maboksi, akaniuliza kama namjua mtu anayeweza kumchukua. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi." Hata leo sijui nani aliyeutuma.

Loo, yule ndege! Alikuwa na sauti ya yule mzee hasa, ile lafudhi ya Birmingham inayokokota maneno kama viatu vya mvua. Asubuhi akiniona tu: "Chai iko wapi, bab?" Bab ni neno la watu wa hapa, wanamwita hivyo mtu wanayempenda, na pia mtu wasiyemjua kabisa kwenye foleni ya duka. Alijua pia kulia kama maikrowevu, mpaka nikawa nakurupuka kutoka sebuleni kwenda kutoa chakula ambacho sijakiweka. Nilimtukana sana kwa hilo. Alipenda kutukanwa, alikuwa anatikisa kichwa kama anayepigiwa ngoma.

Binti wa mzee aliniambia kwamba ndege huyo alikuwapo nyumbani kwao tangu yeye hajaolewa. Basi nikapiga hesabu nikaona huyu si mtoto, huyu ni mkubwa wangu kwa heshima. Nikaanza kumwamkia. Kila nikirudi kazini, kabla sijavua koti, "Shikamoo." Ulikuwa utani wa mtu mmoja na nafsi yake. Katika mji mzima huu sikuwa na mtu wa kumwamkia. Kanisani watoto wa Wakenya wenzangu wananiambia "Hi, auntie" bila kuinua macho kwenye simu, na wakubwa wao wote ni rika langu. Yule ndege alikuwa ananitazama kwa jicho moja, hajibu. Siku moja, nimesimama mlangoni na mifuko mkononi, nimeshasema yangu na kusahau, nikasikia nyuma ya waya: "Marahaba." Kwa sauti yangu mimi, maana ndimi niliyekuwa namjibia kila siku. Niliketi pale pale chini na mifuko yangu, nikalia kama mjinga.

Sasa mtu akikuuliza unafuga ndege, utajibu vipi? Unafuga! Nani anamfuga nani?

Lakini nirudi kwenye kikohozi. Mwenzangu wa kazini, mwanamke wa Tanga, aliposikia ninavyokohoa ndani ya gari alinigeukia kwa hasira. "Dada, unakohoa hivyo na hujajifukiza? Umeshakuwa Mzungu, eeh?" Neno hilo liliniuma. Mimi niliyelelewa kwa kufukizwa, mafua kidogo tu mama anachemsha sufuria! Nikasema kesho hiyo hiyo. Majani ya mkaratusi niliyapata njiani, mti umepandwa bustanini kwa mtu na matawi yanaangukia barabarani. Nikayavunja mchana kweupe. Mwenye nyumba alikuwa dirishani ananitazama, nikampungia mkono, naye, masikini, akanipungia.

Blanketi zito la kujifunika sikuwa nalo. Nilikuwa na duveti nililolinunua Kings Heath, kwenye duka la vitu vilivyotumika, duveti nene jeupe lililojazwa manyoya ya bata bukini, la watu waliojaliwa. Nilikuwa najivunia duveti lile kuliko koti langu. Nikaweka sufuria sakafuni, maji yanatokota, nikapiga magoti, nikajifunika gubigubi mpaka chini, nikavuta. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, kama mama alivyokuwa akinifundisha: vuta mwanangu, vuta mpaka ndani, usikionee huruma kifua.

Jioni yake nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Homa, viungo vinauma, kifua kimebana kama mtu amenikalia. Nikampigia yule wa Tanga. "Natetemeka," nikamwambia. "Alhamdulillahi," akasema, na nilimsikia kweli amefurahi, "ndio ugonjwa unatoka huo. Rudia." Nikarudia. Nikarudia tena na tena, na kila nikirudia ugonjwa unatoka kwa kishindo zaidi, na mimi namshukuru Mungu. Mwishowe nikajiambia haya si mafua, hii ni malaria. Nikaenda kwa daktari wa mtaani, kijana mpole, nikamwambia anipime malaria. Akauliza mara ya mwisho nilikwenda lini Afrika. Nilipomjibu kwamba sijakanyaga nyumbani kwa miaka, alinitazama kwa upole ule unaoudhi, kisha akakisikiliza kifua changu kupitia mgongoni, na upole ukamtoka. Akasema anasikia kitu kama Velkro, ule mkanda wa kunata wa viatu vya watoto, inabanduliwa. Ndivyo nilivyopigwa picha, nikaingizwa kwenye mashine ile ya duara, na mwisho nikaketi mbele ya daktari huyu wa mapafu mwenye kuuliza habari za ndege.

Alinieleza taratibu, na namshukuru kwa hilo. Alisema hii si aleji ile ya mtu anayekula karanga akavimba midomo. Hii inakwenda kimya kimya. Ndege, na hasa kasuku wa kijivu, wanatoa unga mwepesi kwenye manyoya yao, na chembe za kinyesi kikavu nazo zinapaa. Unavivuta bila kujua. Mapafu ya watu wengi hayajali, lakini ya wachache yanaona adui, na damu inaunda askari wake, kingamwili, wa kupigana na yule ndege kila siku iendayo kwa Mungu. Vita vinapiganwa ndani yako wewe. Vikiendelea, mapafu yanaota makovu, na mapafu yenye makovu hayarudi yalivyokuwa. "Tutakutoa damu," akasema, "tuwatafute hao askari. Tutaona kama wapo wa njiwa, wa kuku, wa bata bukini, wa kasuku."

"Na wakiwa wa kasuku?"

"Itabidi aondoke."

"Aende wapi?"

"Popote ambapo wewe hupo," akasema. Hakusema kwa ubaya. Lakini nilimchukia, wallahi nilimchukia pale pale na sindano bado sijaiona.

Muuguzi aliyenitoa damu alikuwa na mikono ya joto na hakuwa msemaji. Chupa ndogo zilijaa moja baada ya nyingine, nami nikawa naiangalia damu yangu kama mtu anayemwangalia shahidi akiingia mahakamani. Nilitaka kuinong'oneza: chunga ulimi wako.

Nikaambiwa majibu yatachukua wiki kadhaa. Wiki zile sizitaki tena. Duveti nililifunga kwenye mfuko wa plastiki nikalitoa nje bila hata kungoja majibu, maana daktari alipolisikia, na alipozisikia habari za sufuria, alijishika paji la uso. "Ulikuwa unajifunika hilo na kuvuta pumzi ndefu?" Ndiyo, daktari. Mpaka ndani. Niliporudi kazini nikamsimulia yule wa Tanga, akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Dada, nimekuua!" Nikamwambia bado, lakini ulikuwa njiani. Tulicheka mpaka nikakohoa, naye akaacha kucheka.

Kwa hiyo nikawa na tumaini. Huenda ni duveti tu! Na kama si duveti, basi njiwa. Pale Digbeth nilipokuwa nabadilishia basi, njiwa wamejaa kwenye mabati ya paa, wanakunya bila aibu, wanarukia vipande vya chipsi miguuni pa watu. Nilisimama nikiwatazama na kuwaombea hatia. Ee Mungu, wawe njiwa. Sala gani ile ya mtu mzima? Lakini niliisali, na siku nyingine niliisali kwa sauti, na watu wakasogea kidogo.

Nyumbani nilifuata masharti ya kungojea. Ndege nikamhamishia jikoni na kufunga mlango. Nikiingia kumlisha navaa barakoa, na wakati ule barakoa haikuwa kitu cha kila mtu, nilionekana kama naja kumpasua. Hakuipenda. Akaacha kuomba chai. Nikisema "Shikamoo" kupitia kitambaa kile alikuwa anarudi nyuma mpaka kona ya tundu, ananitazama kama mgeni. Halafu akaanza kujinyonyoa kifuani. Manyoya madogo ya kijivu yalitapakaa sakafuni, yale yale yanayoniua, nami nayafagia kwa kitambaa kibichi huku namuomba radhi kupitia mlangoni. Mlango umefungwa, yeye upande ule, mimi huku. Ilikuwa nyumba ya wawili wasiosemezana, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Majibu yalipokuja daktari hakunizungusha. Bata bukini: ndiyo, kidogo. Njiwa: kidogo. Kasuku: alinionyesha nambari kwenye kompyuta na sikuhitaji kuielewa, maana ilikuwa na rangi nyekundu.

Nikaanza kupatana bei, kama niko sokoni Marikiti kule Mombasa. "Duveti nimeshalitupa." Vizuri, akasema. "Nimhamishie kibarazani." Hapana. "Nimuogeshe kila siku, nivae barakoa maisha yangu yote." Hapana. "Anakaa jikoni, mlango umefungwa, daktari, hata hatuonani!" Sauti yangu ilikuwa imepanda, nilijisikia. Yeye alitoka nyuma ya meza akaja kuketi kiti cha pembeni yangu. Alisema wengi wanaoketi pale wanamwambia hivyo hivyo, na kwamba wengine walibaki na ndege wao, na anakumbuka sura zao. Aliniuliza kama nina watu hapa Birmingham. Nikamwambia ninao, kanisani. Nikaongeza, "Na kazini." Jamani, hata mimi sikujiamini.

Nilimpigia binti wa yule mzee, naye akanitafutia mwalimu mstaafu huko Kings Heath, mwanamke aliyewahi kuishi na kasuku mpaka wa kwake akafa kwa uzee. Sikuweza kumwita mtu aje amchukue mlangoni kwangu. Nilitaka kumpeleka mwenyewe, na daktari asinisikie. Nikafunika tundu kwa leso yangu nzuri, nikavaa barakoa, nikapanda basi mpaka mjini na jingine mpaka Kings Heath. Katikati ya safari, basi limejaa na kimya kimetanda kama kawaida yao, kutoka chini ya leso ikatoka sauti nene ya yule mzee: "Chai iko wapi, bab?" Basi zima lilivunjika kwa kicheko. Mama mmoja akaniambia mume wangu anaonekana ana kiu. Nilicheka nao. Ilikuwa mara ya kwanza watu wengi kiasi kile kunisemesha kwa pamoja katika mji huu, na nilikuwa naenda kumtoa aliyenisababishia.

Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba, nyumba safi, dirisha kubwa linalotazama bustani. Sikupata sababu ya kumkatalia, na niliitafuta. Akaniuliza ndege anapenda nini. Nikamweleza: karanga zisizo na chumvi, papai likipatikana, kutukanwa. Nikamfundisha shikamoo. Alijaribu, ikatoka imepinda, na kasuku akamgeuzia mkia. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kisha nikaondoka bila kumuaga ndege, maana kama ningemwamkia na akanijibu nisingeondoka. Leso niliiacha.

Siku zilizofuata nilisugua nyumba. Mazulia yakatolewa, mapazia yakafuliwa, kuta nikazifuta kwa maji na sabuni mpaka mikono ikachubuka. Dawa nikameza. Na kikohozi, ambacho kilikuwa kimekaa nami muda wote ule kama mpangaji asiyelipa, kikaanza kufunga virago. Nilipanda ngazi bila kutafuta funguo za uongo. Kipimo cha pili cha damu kilionyesha wale askari wanapungua. Daktari alinipa mkono, akasema nimebahatika, niliwahi. Nikatoka hospitalini kifua kikiwa chepesi, nikasimama kituoni na simu mkononi, nikaipitia orodha ya majina kutoka juu mpaka chini nione nani nimwambie. Basi likaja, nikairudisha simu mfukoni.

Yule mwalimu alinipigia Jumamosi moja mchana, nimekaa nakunja nguo. Alianza kwa kuomba radhi. Alisema hataki kunisumbua, lakini kuna jambo linamtia wasiwasi: ndege anakohoa. Kikohozi kibaya, kikavu, kinakuja kwa mfululizo. Amempeleka kwa daktari wa wanyama, wamempima, hana kitu, mapafu mazima. Akaniuliza kwa upole sana kama alikuwa mgonjwa alipokuwa kwangu. "Anakohoa hivi sasa," akasema, "sikiliza." Akasogeza simu.

Nikasikia. Kilianza kidogo, kama mtu anayejaribu kukizuia asisumbue jirani. Kisha kikashuka, kikakwaruza, kikakatika, pumzi ikavutwa kwa shida, kikarudi. Nilikijua kabla akili haijakijua. Mkono wangu ulikuwa umeshashika kifua. Kilipokwisha, kikafuata kishindo kidogo cha pumzi, halafu sauti ya mwanamke aliyechoka ikasema taratibu, kwa Kiswahili cha kwetu, "Ee Mungu wangu, nionee huruma."

Sikujua kwamba nilikuwa nasema hivyo. Sikumbuki kusema hivyo hata mara moja.

"Na hapo mwisho," mwalimu akauliza, "anasema nini?"

Nikamwambia ndege hana ugonjwa. Ni mimi huyo. Ni kikohozi changu, ndivyo nilivyokuwa.

Kisha akasema, "Oh, bab," kwa sauti ya chini. "Ulikuwa hivyo wakati wote ule, na uko peke yako?"

"Hapana," nikamwambia. "Sikuwa peke yangu."

Nikamshukuru, nikakata simu, nikaketi kitandani juu ya nguo nilizokwisha kukunja. Nikalia kwa sauti, kilio cha nyumbani, mdomo wazi, pumzi ndefu zinaingia mpaka ndani kabisa na kutoka. Nililia mpaka nikachoka, na sikukohoa hata kidogo.